Maswali Mnayoniuliza Kila Mara Kuhusu Biashara ya Visanamu vya Michezo ya Mezani

Nauza visanamu vya michezo ya mezani hapa Columbus, Ohio, na huu ni mwaka wa saba. Kwetu ni Tanga. Kila nikiweka picha ya meza yangu ya kazi, Waswahili wenzangu wa huku na wa nyumbani wananiuliza mambo yale yale, kwa simu, kwa meseji, hata harusini. Nimeyakusanya hapa. Majibu hayalingani urefu: penye pesa au penye hasara nimekaa zaidi, kwingine nimepita.

Hivi ni vitu gani hasa? Si midoli ya watoto?

Si midoli. Ni sanamu ndogo za mashujaa, wachawi, majoka na mazimwi, nyingi zina kimo cha kidole gumba, zinazosimamishwa mezani watu wanapocheza michezo ya kuigiza kama Dungeons & Dragons. Mchezo huo ulitoka mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Waliouanzisha walikuwa wapenzi wa vita vya mezani, vile vya askari wadogo wa madini ya risasi na bati, ndiyo maana visanamu vimeandamana na mchezo huu tangu mwanzo.

Mtu mmoja ni msimulizi, wengine kila mmoja ana mhusika wake, na dadu ndizo zinazoamua. Mchezaji akisema amejificha nyuma ya nguzo, kisanamu chake kinawekwa nyuma ya nguzo na kila aliyeketi anaona.

Jifunze vipimo mapema. Mraba wa inchi moja mezani huhesabiwa kuwa futi tano. Binadamu hukaa kwenye kitako cha inchi moja, zimwi kubwa inchi mbili, jitu inchi tatu, na joka zee inchi nne. Mara nyingi mteja atakuuliza ukubwa kabla hajauliza bei.

Nani anatoa dola ishirini kwa kitu cha ukubwa huo?

Watu wazima wenye kazi zao. Wa kwanza ni mchezaji: anataka mwanamke mwenye upinde, na anamtaka kabla ya Ijumaa jioni kwa sababu ndiyo siku wanayokutana. Huyu hajali kiwanda wala mwaka, anajali kisanamu kifanane na mhusika aliye kichwani mwake. Wa pili ni mkusanyaji. Ana orodha, anajua namba, na katika seti ya 80 amebakiwa na kimoja. Huyu atakuuliza kama kadi iliyokuja na kisanamu ipo na kama kona zake zimepinda.

Wa tatu ndiye ninayempenda zaidi. Ni mtu wa miaka hamsini na kitu anayetafuta kile kile alichokuwa nacho utotoni. Mmoja aliniandikia kwamba mama yake aligawa boksi zima walipohama nyumba, na sasa anakitafuta kibete kimoja tu mwenye shoka mabegani. Nilikuwa naye. Nilimpigia picha pande zote nne, pamoja na mkwaruzo kwenye kofia, akajibu: "Huo mkwaruzo na wangu alikuwa nao." Hakuulizia bei mpaka mwisho.

Kuna aina ngapi?

Kwa muuzaji, zipo nne. Za kwanza ni za chuma za zamani, za miaka ya 1970 hadi 1990, kutoka viwanda kama Ral Partha, iliyoanza Cincinnati mwaka 1975, Grenadier ya Pennsylvania, na Citadel ya Uingereza. Za pili ni za plastiki zilizopakwa rangi kiwandani. Wizards of the Coast, kampuni yenye mchezo wenyewe, walianza kuziuza mwaka 2003 kwa seti ya Harbinger yenye visanamu 80, wakaacha mwaka 2011. Tangu 2014 kampuni ya WizKids ndio wanaozitoa kwa jina la Icons of the Realms. Za tatu ni za plastiki zisizo na rangi, anazopaka mnunuzi mwenyewe. Za nne ni za resini, plastiki ya majimaji inayogandishwa kwa mwanga, zinazotoka kwenye printa ya 3D.

Chagua aina moja ya kuanzia. Mimi nilianza na za 2003 hadi 2011, na ninaeleza sababu hapa chini.

Zile pakiti zilizofungwa, nikinunua na kufungua nitapata faida?

Hapana, na naomba unisikilize hapa. Pakiti ya Icons ina visanamu vinne, huoni kilichomo. Pakiti nane ni tofali moja, matofali manne ni kesi. Ukinunua pakiti mojamoja dukani unacheza bahati nasibu, na vingi utakavyopata ni vya kawaida, ambavyo kila mtu anavyo. Wanaopata faida kwa kufungua ni wale wanaonunua kesi kwa bei ya jumla siku ya kutoka, wakavitenganisha na kuviuza kimoja kimoja ndani ya wiki ya kwanza kabla bei haijashuka. Hiyo inataka mtaji, akaunti kwa msambazaji, na usiku mbili bila usingizi. Nimemwona kijana wa kwetu akimaliza akiba ya miezi minne kwenye pakiti za rejareja akisaka joka moja. Ukilitaka joka, linunue joka.

Basi mzigo unautoa wapi?

Kwenye mitumba, ndugu zangu. Tofauti na Karume au Gikomba ni kwamba belo langu ni boksi la viatu. Watu wanahama, wanaoa, wanafariki, na familia zao huuza kila kitu mbele ya gereji au mtandaoni kwa mkupuo. Mwaka 2012 kampuni ya Reaper ya Denton, Texas, walichangisha zaidi ya dola milioni 3.4 kwenye Kickstarter, mtandao wa michango, kwa visanamu vyao vya Bones, na waliochangia walipokea mamia ya visanamu visivyo na rangi. Wengi hawakupaka hata robo. Mpaka leo naokota mifuko ile ikiwa bado imefungwa.

Nikufungulie boksi moja. Nilinunua kwa dola 40 kwa bibi mmoja ambaye mumewe alikuwa amefariki. Juu kulikuwa na mifupa inayotembea kumi na mbili, ya plastiki, yote ya kawaida. Chini yake mbwamwitu, mashujaa wawili waliovunjika visigino, dadu tano, kipande cha penseli. Katikati kabisa, ndani ya soksi, kulikuwa na kitu kizito. Nikajua kabla sijakitoa, kwa sababu chuma cha zamani kina uzito ambao mkono ukishauzoea hausahau. Kilikuwa mchawi wa Ral Partha, mwaka umeandikwa kwenye kitako, rangi imepakwa kwa mkono wenye subira, hata kucha. Nilimpigia yule bibi simu nikamwambia hiki kina thamani kuliko boksi zima. Alinyamaza, akasema mumewe alikipaka mwaka waliooana. Nikamrudishia. Vilivyobaki vililipa gharama yangu na kidogo juu yake. Tangu hapo, kila boksi la marehemu huwa nauliza kwanza kama kuna kitu familia ingependa kibaki.

Nitatambuaje nilichoshika?

Kigeuze. Hapo ndipo biashara ilipo. Sokoni wengi wanaandika "kisanamu cha joka, kizuri sana" na kukiuza kwa dola tatu, kwa sababu hawakugeuza kitako.

Kwenye vile vya 2003 hadi 2011, chini ya kitako kumeandikwa jina, alama ya seti, namba yake kati ya jumla ya seti, na alama ya uadimu: duara ni cha kawaida, almasi ni cha kati, nyota ni adimu. Ndiyo sababu nilianzia hapo. Mtu asiyejua lolote akishika kioo cha kukuzia na kusoma, ameshajua nusu ya kazi.

Vya chuma ni vigumu zaidi. Tafuta maandishi pembeni au chini ya kitako: jina la kiwanda, pengine mwaka. Vya Citadel vya kuanzia katikati ya miaka ya 1980 vina ulimi mwembamba chini ya miguu unaoingia kwenye kitako cha plastiki, na kwenye ulimi huo mara nyingi kuna maandishi. Kama kimegandishwa usikibandue kwa nguvu, utavunja vifundo. Grenadier walikuwa na leseni ya mchezo wenyewe kati ya 1980 na 1982 tu, kwa hiyo boksi la kipindi hicho likiwa na sponji yake ndani linatafutwa sana. Boksi tupu nalo lina mnunuzi, usitupe.

Napangaje bei?

Usitazame bei wanayoomba watu. Tazama vilivyouzwa. Kwenye eBay kuna kichujio kinachoonyesha mauzo yaliyokamilika ya miezi mitatu hivi iliyopita; soma matano au sita, acha la juu kabisa na la chini kabisa, kisha linganisha hali ya kisanamu chako na picha zao. Kumbuka makato: kwa aina nyingi za bidhaa eBay wanachukua zaidi ya asilimia 13, na wanakata kwenye jumla yote aliyolipa mteja, gharama ya posta na kodi zikiwa ndani. Tuseme umeuza kwa dola 12 na mteja kalipa posta dola 5: makato yanapigwa kwenye 17 na zaidi, si kwenye 12. Wengi wanaoanza hawaoni hilo mpaka mwezi umeisha.

Vya bei ya chini ya dola nne usiuze kimoja kimoja. Funga mafungu: mifupa kumi, majambazi wanane. Msimulizi anahitaji kundi la maadui, na atakushukuru.

Mkuki umepinda. Niutupe?

Usitupe chochote. Plastiki laini hupinda kwa kukaa boksini. Chemsha maji, epua, uwe na bakuli la maji ya barafu pembeni. Shika kitako kwa koleo, zamisha mkuki kwa sekunde chache, utoe, uunyooshe kwa vidole polepole, halafu moja kwa moja kwenye barafu. Shikilia humo humo mpaka upoe kabisa. Ukiachia mapema unarudi ulivyokuwa. Naanza na visanamu vya bei ndogo kila nikimfundisha mtu, kwa sababu mara ya kwanza mkono unakuwa na haraka.

Kuunga kwa gundi kunaruhusiwa, ila andika kwenye tangazo kwamba kimeungwa na wapi.

Nipake rangi ili nipate zaidi?

Kama mkono wako si wa fundi, hapana. Wakusanyaji wengi wa vya chuma wanapendelea chuma kitupu kuliko rangi mbaya, na kuondoa rangi ni kazi ya mnunuzi wanayoihesabu kwenye bei. Cha kiwandani ukikigusa kwa brashi umeshakitoa kwenye orodha ya mkusanyaji.

Hivi vya zamani si vina madini ya risasi? Ni salama?

Vingi vya kabla ya mwanzo wa miaka ya 1990 vina risasi. Baada ya hapo viwanda vya Marekani vilihamia mchanganyiko wa bati usio na risasi. Kushika si hatari ukiosha mikono, lakini usile ukiwa kazini, usikwangue bila barakoa, na usikate karibu na watoto. Nina mabinti wawili. Meza yangu iko chumba chenye kufuli. Sheria ya Marekani inaruhusu sehemu 100 tu kwa milioni za risasi kwenye bidhaa za watoto wa miaka 12 na chini, kwa hiyo kamwe usiviite vya kuchezea watoto. Andika wazi kwamba ni vya wakusanyaji watu wazima, na kwamba vina risasi.

Ukiona unga mweupe au kijivu unaotoka kwenye kisanamu, risasi inaliwa. Husababishwa na mvuke wa tindikali kutoka kwenye mbao kama mwaloni na maboksi duni. Kitenganishe na wenzake, na usikiuze bila kusema.

Kwa nini nisinunue printa ya 3D nichape mwenyewe?

Unaweza, ni biashara nyingine. Resini mbichi inaudhi ngozi na mapafu; inataka glavu, dirisha, kuoshwa kwa spiriti, kisha kukaushwa kwa mwanga. Usiifanye kwenye chumba mnacholala.

Kubwa zaidi ni haki. Faili unayonunua kwa dola tatu kwa kawaida ni ya matumizi yako binafsi. Wachongaji wengi wana leseni ya pili ya kuuza ulichochapa, unailipia kila mwezi. Bila hiyo unaiba jasho la mtu aliyekaa wiki nzima akichonga nyusi za mzee mmoja. Na kuchapa nakala ya kisanamu cha kiwanda ukakiita cha asili ni ulaghai kabisa. Sokoni wapo wanaofanya hivyo. Utazitambua nakala: ni nyepesi kuliko chuma, kuna vitundu vidogo vya hewa, ncha za upanga zimekuwa butu, na ukitazama kwa kioo utaona mistari myembamba kama pete za mti.

Huu mchezo si wa mapepo? Na sanamu si haramu?

Mnaliuliza kwa nia njema, nami nalijibu hivyo hivyo. Miaka ya 1980 hapa Marekani kulikuwa na hofu kubwa. Mwaka 1983 Patricia Pulling, mama aliyempoteza mwanawe kwa kujiua, alianzisha chama cha kuupinga mchezo akiamini ndio uliomuua. Mahakama haikukubali madai yake, lakini TSR, kampuni iliyoutoa mchezo wakati huo, ilisikia kelele: toleo la pili la 1989 liliondoa maneno ya mashetani na kuweka majina ya kubuni. Nimeketi kwenye meza nyingi. Sijaona ibada, nimeona watu wakisimuliana hadithi kama tulivyosimuliwa na bibi zetu, mazimwi yakiwemo.

Kuhusu sanamu, mimi ni Mwislamu wa pwani na swali hilo niliubeba uzito wake mwenyewe. Wapo wanazuoni wanaokataza kila sanamu ya chenye roho, wapo wanaoruhusu za kuchezea. Nilikaa na sheikh wangu jioni nzima kabla sijanunua boksi la kwanza. Uamuzi wangu ni wangu na Mola wangu, usiufanye hoja. Muulize unayemwamini.

Na viza? Na kodi?

Mwenye viza ya mwanafunzi ya F-1, simama hapo hapo. Kuendesha biashara yako bila kibali kunaweza kuhesabiwa kufanya kazi bila kibali, na dola mia mbili za visanamu hazistahili kukupotezea hadhi. Zungumza na ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni kwako na mwanasheria wa uhamiaji.

Wengine: faida ni kipato, kinatangazwa. eBay wanakata kodi ya mauzo wenyewe. Ukipanga meza kwenye tamasha, kama Origins hapa Columbus au Gen Con kule Indianapolis, kodi hiyo ni jukumu lako, na unahitaji leseni ya jimbo husika. Tunza risiti, hata ya gereji. Mimi humwomba muuzaji aandike kwenye karatasi, tarehe na kiasi.

Niko Dar, Nairobi au Mombasa. Naweza kuifanya?

Kuuza vitu vyenyewe, ni vigumu. Tangu tarehe 29 Agosti 2025 Marekani imeondoa msamaha wa ushuru wa vifurushi vya chini ya dola 800 kutoka nchi zote. Uingereza nako VAT inatozwa tangu senti ya kwanza. Ukijumlisha nauli ya ndege, kisanamu cha dola kumi hakikuachii kitu.

Lakini kuchonga kwa kompyuta hakuhitaji posta. Blender ni programu ya bure. Faili unaiuza kwenye masoko kama MyMiniFactory ya London, na mtu wa Berlin anachapa kwake. Pathfinder, mchezo mwingine wa kuigiza, una eneo kubwa la kubuni linaloitwa Mwangi, lenye mashujaa weusi, miji na misitu yao, na wachezaji wanatafuta visanamu vinavyofanana nao. Katika maboksi yangu yote ya miaka saba, visanamu vyenye nywele za kusuka vizuri nimevihesabu kwenye vidole vya mkono mmoja. Msusi wa Magomeni angechora mistari ile bila hata kutazama picha. Wadogo zangu wanaosoma usanifu, hapo pana kazi. Angalieni kwanza njia ya kupokea malipo. Kenya, PayPal inaunganishwa na M-Pesa.

Unafungaje mzigo usivunjike?

Kisanamu kwenye mfuko mdogo wa zipu, halafu plastiki ya mapovu, halafu boksi. Bahasha hapana, mashine za posta zinabana. Joka lenye mabawa linajazwa karatasi laini chini ya kila bawa kwanza, kisha shingoni, ndipo linazungushiwa mapovu. Tikisa boksi karibu na sikio. Ukisikia kitu kinagonga, fungua uanze upya. Natumia Ground Advantage ya posta ya Marekani, ina bima ya dola 100 ndani yake. Kikivunjika, rudisha pesa siku hiyo hiyo, ndipo udai bima.

Nina kisanamu sikijui. Utanisaidia kukitambua?

Nitakusaidia, bure. Piga picha tatu mchana karibu na dirisha, bila flashi: mbele, nyuma, na chini ya kitako. Weka sarafu pembeni nione ukubwa. Niambie ni kizito au chepesi mkononi, na kilikotoka. Usikisugue kabla hujanitumia.